Jikoni Kibirizi: Barua zenu kuhusu sufuria za stenlesi

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa sentensi mbili tu, kwamba sufuria yangu ya stenlesi ina miaka 17 na bado napikia maharage kila wiki. Tangu siku hiyo barua na ujumbe wa simu havijakatika, kutoka Mwanga, Ujiji, Kasulu, Uvinza, hadi Urambo kule Tabora. Kwa hiyo ukurasa wote wa leo nimewaachia sufuria. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nimepika chakula cha kuuza hapa Kigoma, karibu na mwalo wa Kibirizi mitumbwi inaposhushia samaki, kwa miaka 19. Nimepika ugali, migebuka (samaki wa ziwa letu la Tanganyika), dagaa, sombe (kisamvu) na maharage, kwa kuni, kwa mkaa, na miaka ya mwisho kwa gesi.

*Shikamoo mama. Mdogo wetu anaolewa, na sisi dada zake tumechanga shilingi 120,000 za vyombo kwa ajili ya kichen pati. Kuna duka Mwanga lina seti ya stenlesi ya vipande 12, inang'aa kama kioo, na pesa yetu inatosha na chenji inabaki. Dada yetu mkubwa anasema kwa pesa hiyohiyo tununue sufuria mbili tu nzito. Wengine wanaona aibu kusimama mbele za watu na sufuria mbili. Tufanye nini?*
*Dada wa bibi harusi, Mwandiga*

Marahaba mwanangu, na hongereni. Msikilizeni dada yenu mkubwa.

Kwanza hesabuni hivyo vipande 12. Karibu kila seti niliyoifungua, mifuniko nayo imehesabiwa. Kwa hiyo ni sufuria sita na mifuniko sita, na katika hizo sita, mbili ni ndogo mno, labda za kuchemshia yai la mtoto. Bibi harusi atapikia nne tu.

Jambo kubwa lakini liko kwenye kitako. Stenlesi ina sifa nyingi, ila kusambaza moto haijui. Alumini inapitisha moto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi. Ukiweka sufuria nyembamba ya stenlesi juu ya jiko la mkaa, moto unabaki palepale ulipogusa. Nimeshaona maharage yaliyoungua kwa duara, mfano halisi wa makaa yalivyokaa chini, na pembeni yake maharage mengine hayajaiva vizuri. Mpishi anasema "sufuria hii mbaya, inaunguza," naye amesema kweli, maana ni nyembamba. Ndiyo sababu watengenezaji wazuri wanachukua sahani nene ya alumini, wanaibana chini ya sufuria, kisha wanaifunika kwa stenlesi tena. Alumini inatawanya moto, stenlesi inagusa chakula. Pesa yenu inatakiwa iende pale chini. Mng'ao wa nje usiwashughulishe, kwa sababu hata bati jipya linang'aa.

Mkifika dukani msione haya, shikeni. Pindua sufuria uangalie kitako kwa ubavu: kama kina sahani iliyobanwa utaona ukingo wake, kama sarafu kubwa iliyogandishwa chini. Gonga kitako kwa kifundo cha kidole. Kizito hutoa sauti ya kufa, tuu, na chembamba hulia kama debe. Bonyeza ukuta wa sufuria kwa dole gumba, karibu na mdomo. Ukibonyea kama kopo, rudisha. Kisha iweke juu ya kaunta ya kioo na ubonyeze ukingo huku na huku. Ikicheza, kitako hakijanyooka, na jiko la gesi litakusumbua. Mwisho tazama vishikio kwa ndani ya sufuria. Kama kuna vichwa vya ribiti viwili au vitatu kila upande, vizuri. Kama hakuna kitu ndani, basi vishikio vimechomelewa kwa nukta tu kwa nje; hesabu hizo nukta, na zikiwa mbili ndogo, usikubali kwa sufuria ya kusongea.

Hili la vishikio nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa nne Kibirizi nilinunua sufuria kubwa ya stenlesi kwa mfanyabiashara aliyekuwa akikopesha vyombo mlango kwa mlango. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Siku ya msiba wa jirani nikaitwa kusonga. Ugali ulipoanza kukaza, kishikio cha kushoto kiling'oka na nukta zake zote mbili, sufuria ikalala upande, na ugali wa moto ukamwagika juu ya mguu wa binti aliyekuwa amenishikia. Alama ya moto anayo hadi leo. Yule muuzaji sikumwona tena.

Sasa mnunue nini? Sufuria moja ya lita 5 au 6, na nyingine ya lita 2 au 3 ya mboga na mchuzi, zote za kitako kizito, zote na mifuniko inayokaa sawasawa. Kama chenji ikibaki, mnunulieni mwiko mzuri wa mti. Ugali wa watu kumi na kuendelea, nawaambia kwa moyo mweupe, mimi bado nasonga kwenye alumini nzito, kwa sababu hakuna stenlesi ya bei ya kwetu iliyoweza kuvumilia mkono wangu. Na habari ya aibu mbele za watu: zifungeni ndani ya doti ya kanga, kila mmoja aje ashike, aone uzito wake.

*Mama, chini ya sufuria yangu kumeandikwa 18/10. Shemeji yangu kaleta sumaku ya spika ya redio mbovu, ikanasa. Anasema stenlesi halisi haishiki sumaku, kwa hiyo nimeuziwa feki. Ni kweli?*
*Mama wa pacha, Gungu*

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Mwulize sumaku ilinasa wapi, ukutani au kitakoni?

Hizo namba zinahesabu kilichochanganywa na chuma. Ya kwanza ni kromiamu, ambayo ndiyo inayozuia kutu, na ya pili ni nikeli. Kwa hiyo 18/10 maana yake asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 10 ya nikeli. Kuna 18/8, ambayo kwa kupikia nyumbani ni sawa tu na hiyo. Na kuna 18/0, isiyo na nikeli ya kuhesabika. Nikeli ndiyo inayoifanya stenlesi isivutwe na sumaku. Kwa hiyo ukuta wa sufuria ukinasa sumaku kwa nguvu, huenda hiyo ni 18/0 na mwandiko umedanganya. Lakini kama ukuta haunasi na kitako kinanasa, huna haja ya kumlaumu mtu, maana sufuria nyingi siku hizi zinawekewa chuma kinachovutika chini kwa makusudi ili zitumike kwenye yale majiko ya umeme yanayopasha kwa nguvu ya sumaku.

Sasa nusu ambayo shemeji hakuijua. Kuna stenlesi ya bei ya chini ambayo watengenezaji wamepunguza nikeli na kuongeza manganizi badala yake. Wauza vyuma wanaiita 201, na ile nzuri yenye nikeli ya kutosha wanaiita 304. Hiyo 201 nayo haishiki sumaku, lakini kwenye chumvi na unyevu inaota kutu upesi kuliko 304. Sumaku haiwezi kukutofautishia hizo mbili. Na 18/0 yenyewe si takataka, vijiko na uma vingi tunavyolia ni vya aina hiyo. Sumaku ya shemeji ibaki nayo, ila kwa kununua sufuria mimi naamini zaidi mkono unaopima uzito.

*Nikivaa hereni za bei rahisi masikio yanatoka vipele. Daktari alisema ni nikeli. Je, sufuria ya stenlesi itanidhuru?*
*Binti wa Katubuka*

Nikeli inayotoka kwenye sufuria nzuri ni kidogo sana, na watu wengi wenye ngozi kama yako hawapati shida. Hutoka zaidi sufuria ikiwa mpya kabisa na ukipika vitu vikali kama nyanya au ukwaju kwa muda mrefu. Ukitaka amani ya moyo, hapo ndipo ile sumaku ya jirani yako wa Gungu inapofaa: chagua sufuria ambayo ukuta wake unanasa, yaani 18/0. Na umrudie daktari umwulize, yeye ameiona ngozi yako.

*Shikamoo. Nilinunua kikaango cha stenlesi kwa sababu vile vyeusi visivyonata vilikuwa vinabanduka na kuingia kwenye chakula. Sasa kila nikikaanga mgebuka ngozi yote inabaki chini, mgeni anapewa samaki aliyechunwa. Mume wangu kasema nirudi kwenye vile vyeusi. Nakosea wapi?*
*Mama Ujiji*

Marahaba. Hukosei peke yako, mwanangu, nami nililia na kikaango changu cha kwanza karibu mwezi mzima. Soma hili polepole, ikiwezekana kikaango kikiwa mbele yako.

Kosa la kwanza ni maji. Mgebuka umetoka kwenye ndoo, umeoshwa, umepakwa chumvi na ndimu, umekaa. Chumvi imevuta maji, ngozi imelowana. Ukiutia kwenye mafuta hauanzi kukaangika, unaanza kuchemka, na nyama mbichi inashikana na chuma. Kwa hiyo mfute kila samaki kwa kitambaa safi kikavu, ndani ya tumbo na kwenye mikato pia, mpaka ngozi yake ya fedha isitoe tone. Dakika moja kwa samaki inatosha.

Kosa la pili ni haraka. Weka kikaango kitupu kwenye moto wa wastani, bila mafuta. Subiri kama dakika mbili, kisha chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone moja. Angalia tone linafanya nini. Likikaa, likatoa povu, likakauka taratibu, bado sana. Likilia *chsss* na kupotea papo hapo, bado kidogo. Subiri tena nusu dakika, dondosha lingine. Kuna wakati utaona tone halikauki; linajikusanya, linakuwa shanga, linateleza na kuzunguka juu ya chuma kama umande juu ya jani la gimbi. Hapo mvuke umeingia kati ya tone na chuma na umelibeba. Wakati huo ndio wako. Futa maji yote, mimina mafuta, yazungushe. Mafuta yatakimbia mepesi kama maji. Usiyasubiri yafuke moshi. Na hilo jaribio la tone ni la kikaango kikavu tu, ukidondosha maji kwenye mafuta ya moto yatakurukia usoni.

Sasa mlaze samaki, kuanzia upande wa kwako kwenda mbele, ili mafuta yasikurudie. Kisha ondoa mkono. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu samaki anapogusa chuma hunata kwa muda, lazima anate, na mtu anapoona amenata anaanza kumkwangua. Mwache. Ngozi ikishakauka na kugeuka dhahabu itajiachia yenyewe. Dakika tatu au nne, tikisa kikaango kidogo. Samaki akiteleza, mgeuze. Akikataa, hajaiva upande huo, mpe dakika nyingine.

Ukikaanga kwa mawese mambo ni hayo hayo, ila punguza moto mara tu mafuta yanapoingia, kwa sababu mawese yetu mekundu yakizidi moto rangi hupotea na harufu inakuwa kali. Usijaze kikaango. Migebuka miwili kwa mara moja, mitatu ukiwa na kikaango kikubwa. Mitano inashusha moto, na unarudi kwenye kuchemsha.

Jaribu Jumamosi, mumeo akiwepo.

*Mimi ni mwalimu hapa Uvinza. Nina sufuria ya stenlesi ya miaka miwili. Ndani, chini, kumetokea vitobo vidogo kama vimechomwa sindano, na kila kimoja kina doa la kutu. Niliambiwa stenlesi haishiki kutu milele. Nimeonewa?*
*Mwalimu*

Mwalimu, swali lako limetoka mahali penyewe. Uvinza inachemsha chumvi kutoka kwenye chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi ndiyo iliyokutoboa sufuria.

Stenlesi ni chuma, na ndani yake chuma ni kile kile kinachoshika kutu. Kinachoilinda ni ngozi nyembamba sana ya kromiamu iliyoungana na hewa, nyembamba kiasi kwamba jicho haliioni. Ukiikwaruza inajirudisha yenyewe, mradi hewa ipo. Mwingereza Harry Brearley alilikuta jambo hili mwaka 1913 mjini Sheffield, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, na mji ule wa wafua visu ukapata chuma cha visu visivyoota kutu. Lakini chumvi ina kitu kinachoitwa kloridi, na kloridi inaitoboa ngozi hiyo nukta kwa nukta. Ukimimina chumvi kwenye maji baridi, punje zinazama, zinakaa chini, na kila punje inakaa mahali pake ikila mpaka iyeyuke. Bila shaka unaanza wali kwa maji baridi, chumvi, mafuta, kisha ndipo unawasha jiko.

Basi badilisha utaratibu: maji yachemke kwanza, ndipo chumvi iingie, na ukoroge mara moja. Usiache dagaa wa chumvi au mchuzi uliobaki ukalala ndani ya sufuria usiku kucha, hamishia kwenye bakuli. Na kama unasafisha kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile yenye klorini, acha leo, kazi yake ni ile ile ya chumvi.

Vitobo ulivyonavyo havifutiki. Sugua kutu kwa ndimu na kitambaa, osha, kausha, endelea kupikia. Kama havijapenya upande wa pili, sufuria hiyo bado ina miaka.

*Sufuria yangu imepata rangi za ajabu ndani, buluu na dhahabu, kama mafuta ya boti yakimwagika ziwani. Tena kuna weupe kama chokaa. Ni sumu?*
*Msomaji, Buzebazeba*

Si sumu, hata kimoja. Rangi ni ile ngozi ya kromiamu imekuwa nene kwa sababu ya moto mkali, na weupe ni madini ya maji yetu, maana maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi. Chemsha kikombe kimoja cha siki na vikombe vitatu vya maji kwa dakika tano, mwaga, suuza. Vyote viwili vitaondoka. Ndimu mbili zilizokamuliwa zinafanya kazi ileile.

*Mwakeye mama. Kasulu huku tunapikia kuni. Sufuria niliyotumiwa na mwanangu kutoka Dar es Salaam imekuwa nyeusi tii kwa nje, nimeisugua kwa stilwaya na mchanga mpaka imechubuka, na sasa inaota kutu. Natamani kuiweka kabatini.*
*Bibi wa wajukuu saba*

Mwakeye bibi yangu, shikamoo. Usiiweke kabatini, mtoto alikutumia upikie.

Kutu unayoiona sidhani kama ni ya sufuria. Stilwaya ni chuma cha kawaida. Unaposugua inakatika vipande vidogo sana, vinakwama kwenye mikwaruzo, na vyenyewe ndivyo vinavyoota kutu. Paka ndimu, acha robo saa, sugua kwa dodoki, suuza, kausha kwa kitambaa. Itaondoka. Stilwaya ibaki kwa sufuria za alumini, na mchanga ubaki mtoni.

Kuhusu masizi, fanya hivi kabla ya kupika: lowanisha kipande cha sabuni, ile ile ya mawese inayotengenezwa kwetu inafaa sana, upake nje ya sufuria yote, chini na ubavuni, kama unavyompaka mtoto mafuta. Iache ikauke, kisha iweke mafigani. Masizi yatakaa juu ya sabuni, hayatagusa chuma. Ukimaliza kupika, sufuria ikipoa, maji na dodoki tu, vyote vinateremka pamoja. Kama sabuni imeisha, uji mzito wa majivu na maji unafanya kazi, ingawa unadondoka ukikauka sana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anapaka majivu sufuria za alumini za wageni, na mimi nilidhani ni mapambo.

*Je, nitupe sufuria zangu zote za alumini? Nimesikia zinaleta maradhi.*
*Mama lishe, Urambo*

Usitupe zote. Tofautisha. Sufuria ya alumini ya kiwandani kwa kuchemsha maji, ugali na wali haina neno. Lakini alumini haipatani na vikali: ukwaju, ndimu, nyanya za kuchemka saa nzima. Haipatani pia na magadi. Umewahi kuona maharage au kisamvu cha magadi kikiiacha sufuria ya alumini nyeusi ndani? Huo weusi ni magadi yamekula alumini, na kiasi chake kimeingia kwenye mboga. Kwa mapishi hayo tafuta stenlesi, hata moja. Magadi hayaifanyi kitu.

Ninazoziogopa kweli ni zile za kusubu, zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, vipande vya injini na makopo pamoja. Sufuria za namna hiyo zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika na kukutwa zikitoa madini ya risasi kwenye chakula, na risasi inaharibu ubongo wa watoto. Hakuna namna ya kuijua kwa macho wala kwa ulimi. Wanaozisubu ni watu wanaotafuta riziki na ninawaheshimu, lakini uji wa mtoto usiupikie humo.

*Dada, nilisahau sufuria yangu ya kitako kizito juu ya mkaa, ikakauka. Sasa kitako kimevimba, kinacheza. Fundi anasema ataigonga irudi. Nimpe?*
*Muuza chai, stesheni Kigoma*

Usimpe, ndugu yangu. Nitakueleza kilichotokea, kwa sababu mimi kimenipata kibaya zaidi.

Asubuhi moja niliinjika maharage, nikateremka mwaloni kuwahi dagaa. Mitumbwi ilichelewa, nami nikasimama nikingoja. Niliporudi, kijana wangu wa kazi alikuwa amepepea mkaa, akaenda zake. Sufuria ilikuwa kavu, maharage yamekuwa makaa. Niliiinua kwa haraka, na chini yake kukadondoka matone yanayong'aa kama fedha, yakaanguka kwenye majivu na kuganda hapohapo. Alumini iliyobanwa chini huyeyuka kwa nyuzi 660, na mkaa uliopepewa vizuri unafika hapo na kupita. Kidogo tone linidondokee kwenye kandambili.

Ya kwako haikuyeyuka, ila tabaka zimeachana. Fundi akigonga zitakaa sawa kwa macho tu, ndani kuna nafasi ya hewa, moto hautapita, na maji yakiingia humo yanaweza kuchemka na kupasua kitako. Itumie kuhifadhia majani ya chai. Na inayofuata, ikiwahi kukauka motoni tena, iache ipoe yenyewe juu ya kitu kikavu. Ukiimwagia maji baridi ndipo inapopinda.

*Bibie, mimi ni mzee wa miaka 71 hapa Ujiji. Mke wangu alifariki mwaka jana. Sufuria yake ya uji, ya stenlesi, nimeiunguza kwa sababu sijazoea kupika. Chini kuna ukoko mweusi mnene kama kidole. Wanangu wanasema watanunua nyingine, waitupe hii. Sitaki itupwe.*

Shikamoo mzee wangu, na pole sana kwa msiba. Haitatupwa.

Usiikwangue kwa kisu. Tia maji ya vuguvugu yafunike ukoko kwa vidole viwili, ongeza vijiko vitatu vikubwa vya magadi, weka kwenye moto mdogo. Yakianza kutokota, acha kwa nusu saa, ukiongeza maji yakipungua. Zima, funika, lala. Asubuhi mwaga maji meusi, kisha sukuma ukoko kwa ubapa wa mwiko wa mti, utaona unainuka kwa mabamba. Siku ya kwanza haitaisha. Rudia jioni, na kesho yake. Kwa unene unaoueleza nakadiria siku tatu. Doa la kahawia likibaki mwishoni, kata ndimu, chovya kwenye majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, sugua kwa duara, suuza.

Na uji wenyewe: chemsha maji kwanza, vikombe vitatu. Pembeni koroga unga vijiko vinne na maji baridi mpaka pasiwe na donge, ndipo umimine taratibu kwenye yale yanayochemka, huku mkono mwingine unakoroga. Punguza moto. Usiache kukoroga mpaka uji ukaze na mwiko uwe unaacha njia inayoonekana chini ya sufuria, kisha funika, na moto uwe mdogo kabisa, dakika kumi na tano. Kaa karibu nao.